Nondo ya Mbuzi

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kwanza kaeni chini. Wengine mnasoma huku mnatembea, halafu mnajikwaa mnalaumu jiwe. Mimi siandiki ili mcheke. Naandika kwa sababu nyumba hizi mtazirithi ninyi, pamoja na mabomba yake, na siku maji yatakapoanza kupotea mtatafuta mtu wa kumlaumu kabla hamjatafuta tundu. Mimi nilifanya hivyo. Nusura niwapoteze mkamwana na mjukuu kwa ajili ya tundu dogo kuliko kidole changu gumba.

Shule niliishia darasa la nne, huko kwetu Makete, upande wa Bulongwa. Kwa hiyo msitafute humu maneno makubwa. Nitaeleza jambo lilivyokwenda, basi.

Nyumba yetu iko Njombe mjini, kata ya Ramadhani. Aliijenga marehemu mume wangu kwa matofali tuliyoyafyatua na kuyachoma wenyewe, mimi nikikoroga udongo kwa miguu. Maji tulikuwa tunateka bondeni. Nimeteka maji nikiwa na mimba, nimeteka nikiwa na mtoto mgongoni, nimeteka siku ambayo baridi ilikuwa inafanya vidole visiusikie mkono wa ndoo. Maji ya bomba yalipofika uani nilikuwa tayari mjane, tena nina mvi. Siku hiyo nilikaa kwenye kigoda mbele ya koki, nikamwambia mwanangu afungue. Akafungua. Nikamwambia afunge. Akafunga. Nikamwambia afungue tena. Akaniambia, mama, hayaishi hayo. Nikamwambia wewe fungua.

Bomba lenyewe alilitandaza yeye na wenzake wawili. Ni lile jeusi la plastiki linalouzwa kwa roli. Linaanzia kwenye mita pale getini, linakatiza uwanja, linakwenda hadi kwenye tangi nyuma ya jiko. Mtaro waliuchimba kina cha mkono, kutoka ncha za vidole hadi kiwiko, kwa haraka, maana mwanangu ni dereva wa malori ya mbao na gari lilikuwa linamsubiri. Niliwaambia waongeze kina. Wakasema inatosha. Wakafukia, majani yakaota juu, na baada ya miaka miwili hakuna aliyekumbuka bomba linapita wapi. Hata mimi niliyesimama pale nikiwakagua.

Maji yetu ni ya mgao. Yanaingia usiku, yanajaza tangi, na asubuhi kwenye saa tatu yanakatika. Mchana kutwa tunatumia ya kwenye tangi. Tangi likijaa, sisi tulikuwa tunakaa siku mbili bila kuliangalia.

Sasa niseme habari za mkamwana wangu.

Mwanangu alioa Makambako. Wazazi wa binti ni wafanyabiashara wa mchele na maharage, Waislamu, watu waliokuja kutoka mbali zamani wakafuata njia panda ile kwa sababu magari yote yanapita hapo. Mwanangu alikuwa anapakia mizigo yao. Alipotaka kuoa akaniambia kwamba yeye ndiye atakayefuata dini ya mke. Mimi ni Mlutheri tangu nibatizwe, na baba yake tumemzika kwa nyimbo za Kilutheri. Sikusema neno. Akina mama wa kanisani wakanisifu, wakasema huyu mama ana moyo. Hawakujua. Nilikuwa nimemeza kitu, na kitu chenyewe hakijashuka.

Binti akaja kukaa kwangu, kwa kuwa mume wake yuko njiani wiki kwa wiki. Mfupi, mweusi wa kung'aa, ana sauti ya chini. Alijifunza kusalimia kwa kilugha cha huku, "kamwene" sokoni kabla hajamaliza mwezi. Akajifunza kulima viazi, kitu ambacho kwao hakuwa amekishika. Alizaa mtoto wa kike, nikamlea. Kila alfajiri nilikuwa nasikia mlango wa jikoni, kisha maji kidogo yanachuruzika, kisha kimya. Alikuwa anatawadha. Alikuwa na kibirika cha plastiki cha kijani alichokuja nacho kutoka kwao, mkono wake umekatika na umefungwa kwa waya. Mara tano kwa siku nilikiona kikitoka na kikirudi. Sikukisema, lakini nilikiona.

Basi, ikafika mwezi wa sita. Tulivuna mahindi, tukapukuchua, nikafagia uwanja, nikahamisha mbuzi kutoka katikati ya uwanja ambako majani yalikuwa yamekwisha, nikamfunga karibu na mparachichi. Baridi ilikuwa imeingia kwa nguvu. Ndipo tangi likaanza kutojaa.

Mwanzoni nilidhani mgao umepungua. Nikauliza kwa jirani. Jirani akasema kwake tangi linafurika hadi anasikia kelele. Siku ya pili nikapanda ngazi mwenyewe nikachungulia: nusu. Siku ya nne, chini ya nusu. Na karatasi ya bili ya maji ilipokuja ilikuwa na tarakimu ambazo sijawahi kuziona katika nyumba yangu. Nikaiweka chini ya kitambaa cha meza, nikaanza kuchunguza.

Kuchunguza kwangu kulikuwa hivi: nilikaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko, najifanya nachambua maharage, na nikamhesabu mkamwana. Ameosha vyombo. Amefua nguo za mtoto. Amemwogesha mtoto. Amejaza kibirika. Amejaza tena kibirika. Nikawa natangaza sheria. Kufua mara moja kwa wiki. Maji ya kuoshea mchele yamwagiliwe mboga. Mtoto aogeshwe kwenye beseni dogo. Kila sheria aliitikia, "Sawa, mama," na akaitimiza. Na tangi likazidi kushuka.

Mtu mwenye akili angejiuliza hapo. Mimi nikazidi kukasirika, kwa sababu niliona anaitikia mdomoni halafu ananifanyia ujanja nisipokuwepo. Nikachukua bisibisi, nikafungua mkono wa koki ya jikoni tunayotekea maji yote, nikaufunga kwenye pembe ya kitenge changu. Mtu akitaka maji anakuja kwangu. Nililala nao mkono wa koki ule, unanichoma ubavuni.

Asubuhi ya pili yake, bado giza kidogo, mkamwana akabisha mlangoni kwangu. Alikuwa amesimama na kibirika chake, amejitanda ushungi, pumzi inatoka kama moshi. Akasema, samahani mama, naomba maji ya kutawadhia. Nikatoka. Nikafungua koki, nikamjazia kibirika nusu. Nikafunga. Kisha nikasema neno ambalo hakuna aliyenilazimisha kulisema.

"Sala zako zinakunywa kuliko ng'ombe."

Alikishika kibirika kwa mikono miwili, akakiangalia. Kisha akaniambia, taratibu kabisa, kama mtu anayemweleza mgeni njia:

"Mama, mimi nimekulia kwenye foleni ya madumu. Kwetu dumu moja lilikuwa la watu wanne kutwa nzima. Kutawadha natumia nusu ya hiki, na leo umenijazia nusu, kwa hiyo imetosha. Maji mimi siwezi kuyamwaga hata nikilazimishwa. Lakini sala zangu umezitaja mwenyewe."

Akaenda akatawadha, akasali. Akapika uji. Akanipa wangu kwa magoti, kama kila siku. Saa mbili alikuwa amemfunga mtoto mgongoni na mfuko mmoja mkononi. Akaniambia anakwenda Makambako kumsalimia mama yake. Ninyi wanawake mnajua salamu hiyo maana yake nini. Nilimjibu msalimie. Nikaendelea kuchambua maharage ambayo yalikuwa yamekwisha kuchambuliwa.

Jioni mwanangu akapiga simu akiwa njiani na mbao zake. Mke wake hakuwa amemweleza mengi. Alisema tu kwamba amekwenda kwao na kwamba hana siku ya kurudi. Mwanangu akaniuliza kuna nini. Nikamwambia maji. Kisha akasema kwamba yeye hawezi kuchagua kati yetu, asilazimishwe kuchagua, na kwamba kama mke wake hatarudi Njombe basi atahamia naye Makambako, na mimi nitabaki na maji yangu. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

Nikalala. Nyumba nzima tulikuwa mimi na mbuzi. Mkono wa koki uko kwenye kitenge, hakuna aliyegusa kitu. Asubuhi nikapanda ngazi nikachungulia tangi.

Chini ya nusu.

Nikashuka nikakaa kwenye kipago cha chini kabisa cha ngazi. Kwenye nyumba hapakuwa na mtu wa kusali, hapakuwa na mtoto wa kuogeshwa. Nilikaa pale mpaka baridi ikanipanda kiunoni, kisha nikaenda kumtafuta fundi bomba.

Alikuwa mtu mzima, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, maneno machache. Alikuja kesho yake mapema, kabla maji hayajakatika. La kwanza akaniambia nifunge koki zote. Nikamwonyesha mkono wa koki kwenye pembe ya kitenge.

"Bibi," akasema, "umeyaweka maji mahabusu."

Nikamwambia afanye kazi. Akaenda getini, akafunua kifuniko cha mita, akachuchumaa, akaniita. Mle ndani kuna kigurudumu kidogo, chembamba. Kilikuwa kinazunguka.

"Koki za ndani zimefungwa," akasema, "na maji yanakwenda. Sasa nani anayatumia?"

Nikasema labda ni tangi linajaa. Akaenda akafunga koki ya kuingilia kwenye tangi, akarudi kuangalia. Bado kinazunguka. Akaniambia basi ugonjwa hauko ndani ya nyumba wala kwenye tangi, uko ardhini kati ya hapa na pale. Alisema kwa dakika moja jambo ambalo mimi nilikuwa nimelikosa kwa wiki tatu nikiwa nimekaa kwenye kigoda. Vijana, andikeni hilo mahali. Mita haina dini, wala haina mkwe. Inazunguka au haizunguki.

Akaniuliza bomba linapita wapi. Nikamwonyesha kwa uhakika kabisa, mstari ulionyooka kutoka getini hadi jikoni, pembeni ya bustani ya kabichi. Akachimba. Hakuna bomba. Akachimba hatua mbili kulia. Hakuna. Ardhi yetu ni nyekundu, laini, inakunywa maji bila kuonyesha. Hapakuwa na tope wala unyevu wa kuonekana. Akaomba chuma kirefu. Nikampa nondo ninayofungia mbuzi. Akawa anaichomeka ardhini, anaweka sikio juu yake, anafumba macho. Alisema maji yanayovuja yanalia kama mtu anayepuliza chai. Siku hiyo alisikia mbuzi wangu na malori ya barabarani. Saa tatu ikafika, maji yakakatika, kigurudumu kikasimama. Akasema atarudi kesho asubuhi, na kama hatuoni itabidi uwanja wote uchimbuliwe.

Sikupata usingizi mzuri. Kulipopambazuka nikatoka kumfungulia mbuzi, nikasimama mlangoni.

Baridi ilikuwa imeshika. Mnajua Njombe mwezi wa saba: uwanja mzima ulikuwa mweupe, majani yamevaa barafu nyembamba kama chumvi. Nikawa naangalia tu, nikikumbuka kwetu. Mama yangu alikuwa na desturi moja. Asubuhi za barafu alikuwa anapanda kilimani na kutazama chini, mashamba yote meupe, na anatafuta mahali ambapo hapakushika. Alikuwa akituonyesha kwa kidole, pale, na pale. Alisema hapo chini kuna maji yanatembea, na maji ya chini yana joto kuliko hewa ya asubuhi, barafu haiwezi kukaa juu yake. Ndipo tulikuwa tunachimba visima. Sikumbuki akikosea.

Na katikati ya uwanja wangu, ndani ya ule weupe, palikuwa na duara la majani ya kijani, mabichi, yaliyochipua upya, ukubwa wa ungo. Hatua saba hivi kutoka pale nilipomwonyesha fundi kwa uhakika.

Fundi alipofika nilikuwa nimesimama hapo katikati na jembe. Nikamwambia chimba hapa. Akaniangalia, akaangalia majani, akaangalia uwanja. Akasema, "Bibi, kumbe ungenilipa mimi nije kunywa chai tu."

Hakuchimba sana. Udongo ukawa mweusi, ukawa tope, maji yakaanza kububujika juu kama chemchemi. Tukalipata bomba, linapita kwa mkunjo, maana vijana wale waliokuwa na haraka walilikwepesha kisiki ambacho siku hizi hakipo. Fundi akaenda akafunga maji getini, akayachota yaliyobaki shimoni, akalifuta bomba kwa kiganja. Lilikuwa na matundu mawili, moja juu na moja chini, limetobolewa kutoka upande mmoja hadi wa pili. Maji yalikuwa yanatokea lile la chini na kushuka moja kwa moja kwenye shimo la zamani la takataka, ndiyo maana juu hapakuwa na tope.

Akasema hili halikuoza, wala si panya. Hili limechomwa na kitu. Akageuka kutafuta kitu. Nondo ya mbuzi ilikuwa pale pale alipoiacha jana. Akaichukua, akaipitisha kwenye tundu. Ikaingia barabara, haikulegea wala haikukwama.

Sasa mimi nikakumbuka. Nilikumbuka mwezi wa tano, siku niliyomhamishia mbuzi katikati ya uwanja. Niliigongelea nondo kwa jiwe, na ilipofika mahali ikakataa. Nikadhani ni mzizi. Nikaongeza jiwe kubwa. Ikapita. Ilipokuwa imekaa pale iliziba tundu lake yenyewe, na nyumba haikujua kitu. Halafu mwezi wa sita majani yakaisha nikaing'oa. Ncha yake ilitoka na tope. Mwezi wa sita, mvua zimekata, ncha ya nondo inatoka na tope, na mimi niliyelelewa na mama anayesoma maji kwenye barafu nikaifuta kwenye majani nikaenda zangu.

Fundi hakuniuliza nani alifunga mbuzi. Alikuwa na adabu. Nilimwambia mwenyewe.

Nikamwambia afunge kwa raba ya tairi, tuliyozoea. Akakataa. Alisema raba ni ya kudanganya wiki moja. Akakata kipande chote chenye matundu kwa msumeno, urefu wa kiganja na zaidi kidogo. Akaniomba maji ya moto, akachovya ncha za bomba moja baada ya nyingine mpaka zikalainika, akaziingiza kwenye kiungio cha plastiki huku anazungusha, akakaza kwa vibano viwili vya chuma. Tukafunga koki ya tangi, tukafungua maji getini kabla ya kufukia. Alilazimisha hivyo, tukae tuangalie, tusifukie kwa kuamini. Tukakaa. Pakavu. Tukaenda getini. Kigurudumu kimesimama kama kimelala.

Kile kipande kilichokatwa alitaka kukitupa. Nikamwambia anipe.

Kwa desturi yetu, mke akienda kwao kwa uchungu, anayetangulia ni mshenga. Baadaye wanakwenda wazee wanaume, wanakaa, wanasemezana. Mama mkwe haendi. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alinikumbusha hilo. Alisema mshenga atakwenda baada ya Jumapili, jambo litalainishwa. Nikamwambia mshenga hakugongelea nondo.

Nikapanda gari asubuhi, na viazi kwenye kiroba na kipande cha bomba ndani ya kikapu. Makambako upepo ulikuwa unapeperusha vumbi njia panda yote, nikafika nimevaa udongo usoni. Mkwe wangu, mama wa binti, alikuwa dukani kwake anapima maharage. Mwanamke mnene, mcheshi, anayejua kumsubirisha mtu. Hakuuliza nimekuja na nini. Akamwachia mtu duka, akanipeleka nyuma nyumbani, akanikalisha kwenye mkeka, akaniletea chai ya tangawizi na chapati. Akasema nile kwanza. Nilikula. Mkamwana alikuja kunisalimia kwa magoti, "Shikamoo mama," akarudi akakaa mlangoni, nusu ndani nusu nje. Mtoto alinikimbilia, yeye hajui mambo ya watu wazima.

Nilipomaliza chai nikatoa kile kipande, nikakiweka juu ya mkeka.

Mkwe akakitazama. "Viazi nimeviona, mkwe, ahsante sana," akasema. "Na hilo bomba tunalipika na nini?"

Hata mimi ningecheka siku nyingine. Nikamweleza. Nilieleza mita, uwanja, barafu, nondo, jiwe kubwa. Sikupunguza kitu. Nikaeleza na mkono wa koki kwenye kitenge. Mwisho nikasema maji niliyamwaga mimi, wiki nne, na aliyehesabiwa ni mwingine. Nikasema nimekuja mwenyewe kwa sababu kosa ni langu mwenyewe, na ninaomba mkamwana wangu arudi nyumbani.

Mkwe aligeuza kile kipande mkononi, akachungulia tundu, akamtazama binti yake. Binti akaniambia kutoka pale mlangoni:

"Bomba limeonekana, mama. Na lile neno?"

Nilikuwa nimetumaini kwamba bomba lingetosha. Nawaambia ukweli. Njia yote kutoka Njombe nilikuwa nimekishika kikapu nikiamini kwamba nikiliweka lile tundu mbele yao, kila kitu kitaonekana kimetoka humo.

Nikamwambia, "Neno halikutoka kwenye bomba. Nilikuwa nalo tangu siku mwanangu aliponiambia atakufuata. Nilikuwa nangoja mahali pa kuliweka, maji yakanipa mahali. Ulikuwa hujanikosea kitu. Nisamehe."

Mkwe aliinua macho hapo, kwa sababu hata yeye hakuwa amelijua lile neno; binti alikuwa amemficha mama yake. Angeweza kuniaibisha kwa ukoo mzima na hakufanya. Mkwe akauliza neno gani hilo. Binti akasema, "Ni letu, mama. Limekwisha semwa." Kisha akaniambia kwamba atarudi, lakini si leo. Anataka kukaa na mama yake hadi Jumamosi. Na kwamba akirudi hataomba maji mlangoni kwa mtu.

Nikasema sawa. Ilikuwa zamu yangu kuitikia.

Nilirudi peke yangu. Jambo la kwanza nilifungua pembe ya kitenge, nikarudisha mkono wa koki mahali pake na kukaza skrubu. Fundi alikuwa amenishauri nipange mawe juu ya njia ya bomba ili watu waione, nikayapanga, yako mpaka leo, na mjukuu anayaruka moja moja. Mbuzi nikamfunga kwenye mparachichi, kwa kamba, bila nondo.

Jumamosi alifika na gari la mchana, mtoto mgongoni, kibirika cha kijani kimetangulia kwenye mfuko kinachungulia. Mwanangu naye alikuwa amerudi na lori. Mkamwana aliweka kibirika pale pale karibu na koki kilipokuwa kinakaa. Jioni, wakati wa Magharibi, nilikuwa jikoni. Aliingia akakisimamisha chini ya koki na kufungua mwenyewe. Nilisikia maji yakiingia. Alifunga kabla hakijafika nusu.

Tulipokaa kula, mwanangu akanitania, akasema alidhani atakuta uwanja umekuwa ziwa. Sikucheka. Nilikwenda nikaleta ile nondo, nikaiweka pembeni ya sinia waione wote, nikawapa amri, na amri hiyo haijafutwa:

"Siku maji yakipungua tena katika nyumba hii, fungeni koki zote, nendeni mkaangalie mita. Na kama kuna mtu wa kuulizwa, anzeni na mimi."